Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kazi na ajira: yaya naye aondoke na barua yake

Waheshimiwa mlio katika wizara ya kazi, maofisa kazi, na ninyi mnaotoa leseni kwa ofisi za mawakala mjini,

Wiki iliyopita nilikaa ukingoni mwa kochi la watu, mkoba wangu miguuni, nikimtazama mtoto wa miezi mitatu na ushee akiwa begani kwa mama yake. Alikuwa anakunja magoti na kuyakunjua, anakunja uso bila kulia sawasawa. Nilijua kwa kumtazama tu kwamba tumbo limejaa gesi, amenyonya na hakucheua. Nilitamani kumpokea. Lakini sikuwa nimeajiriwa, kwa hiyo nikaituliza mikono yangu mapajani na kujibu maswali.

"Umefanya kazi hii muda gani, dada?"

"Miaka 14, mama."

"Nyumba ngapi?"

"Nne."

"Una barua ya nyumba yoyote kati ya hizo?"

"Sina, mama."

"Basi nipe namba ya bosi wako wa mwisho."

Nikampa. Akapiga palepale, simu akaiweka ya sauti kubwa ili tusikie wote wawili. Namba haipatikani. Nikampa ya nyumba ya pili niliyofanya kazi. Ikapokewa na mwanamume ambaye hajawahi kunisikia, ameinunua laini hiyo baada ya wenyewe kuiacha. Yule mama hakunifokea. Alinishukuru kwa kuja, akasema atanipigia. Mpaka naandika haya hajapiga, na simlaumu. Ningekuwa mimi na mwanangu ana umri ule, ningefanya vilevile.

Nawaandikia kwa sababu ya lile swali la barua. Naomba sheria imtake kila anayeajiri yaya ampe barua ya utumishi siku anapoondoka, iwe ameacha kazi mwenyewe au ameachishwa. Yapo mengine nitakayoyagusa, lakini nimeyapima yote na nimeona hili ndilo linalobeba yaliyobaki.

Kwanza niwaeleze yaya anatafutaje kazi mjini, maana huenda mlio wengi mmeliona jambo hili kutoka upande wa anayeajiri tu.

Njia ya kale ni ya mtu kumwambia mtu. Yaya wa jirani anasikia kuna mama anakaribia kurudi kazini, anampigia mwenzake, mwenzake anakwenda kuonekana. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa anayekupeleka ameweka jina lake mbele. Lakini inawafaa wenye watu. Msichana aliyeshuka juzi kutoka mkoani hana jirani, hana mwenzake, na hapo ndipo anapoangukia mikononi mwa yeyote atakayemwambia "njoo".

Njia nyingine ni ya kutembea, geti kwa geti. Niliifanya mwaka wangu wa kwanza. Unapita asubuhi wakati watu wanatoka, unasalimia, unauliza kama wanahitaji mtu wa kulea. Kwenye geti moja baba mmoja alinijibu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akafunga. Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Kitu kizuri kinajiuza pale wanunuzi wanapoweza kukiona, na uzuri wa kazi yangu wameuona watu wanne tu, ndani ya kuta zao, kisha wakahama.

Siku hizi kuna mitandao. Makundi ya simu yamejaa matangazo ya wasichana, picha ya uso, umri, na maelezo mafupi: mchapakazi, mtulivu, hana mambo mengi, hana simu. Hilo la "hana simu" naomba mlisome tena. Linaandikwa kama sifa. Maana yake ni kwamba binti huyo akipata shida ndani ya nyumba hana pa kupigia, na mwandishi wa tangazo anajua kwamba kuna watu watakaovutiwa na hilo.

Halafu kuna mawakala, na hapa nitakaa kidogo.

Ofisi niliyopitia mimi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi. Mnaingia, mnaandikishwa, mnatoa pesa ya fomu, mnasubiri. Waajiri wanakuja, wanasimama mlangoni, wanatutazama. Wakala anasema, "Huyu ameshalea, huyu ni mgeni, huyu anaamka mapema." Hajatuuliza lolote, anayatunga hapo hapo. Ukichukuliwa, mwajiri analipa kamisheni, na mshahara wako wa kwanza, wote au nusu yake, unarudi kwa wakala. Mwajiri anaahidiwa kwamba asiporidhika ndani ya muda fulani, atabadilishiwa mtu. Nimesikia kwa masikio yangu neno hilo, kubadilishiwa, likisemwa juu ya mwanamke aliyekuwa amekaa palepale na mkoba wake.

Tazameni pesa inavyokwenda katika mpango huo. Wakala anapata chake kila nyumba inapopata yaya mpya, na anapata tena kwa yaya yuleyule anapohamia nyumba nyingine. Nikidumu miaka minne katika nyumba moja, wakala hana alichovuna tangu ule mwezi wa kwanza. Nikiondoka baada ya miezi mitatu, amevuna mara mbili. Kwa hiyo hana haraka ya kuuliza kama nyumba anayonipeleka ni ya kukalika, wala hana sababu ya kutunza kumbukumbu kwamba nilifanya kazi vizuri kule. Nikirudi kwenye benchi lake bila ushahidi wowote mkononi, naanza upya kwa fomu mpya na pesa mpya. Na mwenye mtoto naye hapati nafuu, kwani yaya wa tatu ndani ya mwaka mmoja ni mtoto aliyepoteza mlezi mara mbili kabla hajajua kusema.

Dunia ilishalisemea hili zamani. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka inaporuhusu kwa sababu maalumu na kuzieleza. Mkataba Na. 189 wa wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, unaongeza kwamba ada za wakala zisikatwe kwenye ujira wa mfanyakazi wa ndani. Najua mikataba hii inaifunga nchi iliyoiridhia tu. Lakini leseni ya ofisi ile yenye benchi inatoka kwenu, na masharti ya leseni mnayaandika ninyi. Sharti kwamba kamisheni ailipe mwajiri peke yake ni mstari mmoja.

Nirudi kwa mama wa wiki iliyopita, kwa sababu naye ana haki ya kueleweka. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na zipo nchi zinazotoa zaidi na nyingine zinazotoa chini ya hapo. Piga hesabu. Mama aliyepumzika wiki mbili kabla ya kujifungua anarudi kazini mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Wiki za mwanzo hana akili ya kutafuta yaya, anauguza mwili na kujifunza mtoto. Anaanza kuulizia zikiwa zimebaki wiki mbili, na nimewahi kuchukuliwa Jumamosi na mama aliyekuwa anaingia kazini Jumatatu. Jumapili tulikaa naye usiku, ananionyesha jinsi ya kupasha maziwa aliyoyakamua, mkono unamtetemeka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikuwa anamwachia kiumbe chake chote mtu aliyemjua kwa saa 30, na kilichomfanya aniamini ni kwamba dada wa mtu fulani alisema mimi si mwizi.

Si mwizi! Hicho ndicho kipimo chetu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nitafanya nini mtoto akipata degedege, au akikabwa na kitu kooni, au nitamlaza vipi. Wazazi hawaulizi kwa sababu hawana karatasi ya kuwaonyesha kwamba maswali hayo yana majibu.

Niwaambie la kukabwa. Nyumba ya pili niliyofanya kazi ilikuwa na mtoto wa miezi minane aliyeanza kutambaa. Siku moja nilikuwa nakunja nguo, yeye yuko kwenye mkeka mbele yangu, na ghafla nikagundua kimya chake si cha kawaida. Mdomo wazi, macho yametoka, hakuna sauti inayotoka. Nilikuwa nimefundishwa na nesi mmoja wa kliniki ya watoto, mama mtu mzima, ambaye kila akiona mayaya wamepanga foleni na watoto wa watu alikuwa anasimama mbele yetu na mwanasesere wa kitambaa. Nikamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini kuliko kiwiliwili, nikampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Hakikutoka. Nikamgeuza chali, nikamkandamiza katikati ya kifua mara 5. Nikamrudisha kifudifudi, na kwenye pigo la pili kikaruka kifuniko cha kalamu. Kisha akalia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Jioni nilimweleza mama yake na kumwonyesha kifuniko. Nikakiandika pia kwenye daftari. Tangu kazi yangu ya kwanza nina daftari ninaloandika kila siku: ameamka saa ngapi, amekunywa kiasi gani, amepata choo mara ngapi na cha namna gani, joto likipanda limepanda saa ngapi na dawa aliyoacha mama nimempa saa ngapi. Siku ile niliandika: "Saa 5 na dakika 20, amekabwa na kifuniko cha kalamu, kimetoka, amelia, amepumua vizuri, amenyonya saa 6." Mama yake akaweka sahihi chini ya mstari huo huku analia.

Miaka miwili baadaye baba wa nyumba ile alihamishwa kikazi, wakahama nchi kabisa. Waliniaga kwa nguo, kwa pesa ya ziada, kwa kukumbatiana. Barua sikuiomba, sikujua kama ni kitu cha kuombwa, nao hawakuikumbuka. Baada ya miezi minne namba yao ikafa. Ndiyo ile aliyoipokea yule mwanamume wiki iliyopita.

Katika nyumba ya tatu nilishaerevuka. Nilipotimiza mwaka nikamwomba bosi aniandikie walau mistari mitano kwamba nafanya kazi kwake. Alikasirika. "Barua ya nini? Unataka kuondoka?" Nikamweleza hapana, ni ya kuweka tu. Akaanza kukagua mkoba wangu ninapotoka siku ya mapumziko. Wiki tatu baadaye aliniamuru niondoke usiku saa 3, na mshahara wa siku nilizofanya sikuupata. Sitaji jina lake na sihitaji aadhibiwe leo. Nimelileta hili ili mwone kwamba barua ikiwa fadhila, kuiomba ni hatari. Ikiwa ni sharti la sheria, hakuna anayeiomba. Inatolewa kama mshahara unavyotolewa.

Hili linawezekana, kwa sababu liko mahali linakofanyika. Ufilipino walipitisha Sheria Na. 10361 mwaka 2013, sheria ya wafanyakazi wa majumbani, wayaya wakiwemo. Ndani yake kuna kifungu kinachosema ajira ikikoma, mwajiri atoe cheti cha utumishi ndani ya siku 5 tangu mfanyakazi alipokiomba, kikieleza aina ya kazi, muda alioitumikia na jinsi alivyoifanya.

Mimi ningebadilisha mambo mawili katika mpango huo. Ningetaka barua itolewe bila kuombwa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Na lile la kueleza jinsi kazi ilivyofanywa ningeliacha nje, au ningelifanya la hiari na yaya alione kabla halijaandikwa. Bosi wangu wa usiku saa 3 angeandika nini? Barua ya namna hiyo ingenifungia milango yote mjini, na ningekuwa na karatasi mbaya badala ya kutokuwa nayo. Barua ninayoiomba iseme mambo yasiyobishaniwa: nimeanza lini, nimemaliza lini, watoto wangapi na wa umri gani, nilikuwa nalala kazini au nakwenda na kurudi, kazi nilizokuwa nazifanya. Majina ya watoto yasiwemo, wala anwani ya nyumba. Wazazi wana haki ya kutotaka karatasi yenye habari za watoto wao izunguke mjini. Sahihi mbili, ya mwajiri na yangu. Nakala moja ibaki ofisini kwenu, ili namba za simu zikifa bado kuwe na mahali pa kuuliza.

Ukurasa mmoja unatosha. Mnaweza kuuchapisha kesho.

Najua jibu ambalo tumelisikia kila tunapowafikia: nyumba ya mtu ni faragha yake, ofisa hawezi kuingia tu kukagua. Ni kweli kwamba ni jambo gumu, na nchi nyingine zimelitafutia njia; Uruguay, kwa sheria yao ya mwaka 2006, mkaguzi anaweza kuingia nyumbani akiwa na amri ya hakimu pale panapokuwa na dalili kwamba sheria imevunjwa. Uruguay hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuridhia Mkataba Na. 189, mwaka 2012. Lakini kwa hili ninaloliomba hamhitaji kugonga mlango wa mtu yeyote. Barua inatoka ndani ikiwa mkononi mwa yaya. Isipotoka, yaya anakuja kwenu, na ninyi mnampigia simu mwajiri.

Na ikija barua ya kuondoka, itaivuta na ile ya kuingia. Mwajiri anayejua kwamba siku ya mwisho ataandika nilifanya kazi gani, siku ya kwanza atafikiri kabla ya kuniahidi. Kwa sasa ahadi ni maneno ya mlangoni: "Mtoto mmoja tu, kazi nyepesi." Unafika unakuta watoto watatu, na kufua nguo za nyumba nzima, na kupika, na kupiga deki, na mtoto mdogo ndiye anayepata mabaki ya nguvu zako. Yaya na mfanyakazi wa usafi wote ni watu wa kuheshimiwa, ila ni kazi mbili. Mtoto anayeanza kutambaa hawezi kulelewa na mtu aliyeinamia beseni. Kifuniko cha kalamu nilikiwahi kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake.

Usiku nao hausemwi kamwe wakati wa kuajiriwa. Ukilala chumba kimoja na mtoto anayeamka mara nne, hujalala. Lakini asubuhi wewe ni mtu aliyepumzika kwa saa nane. Mkataba Na. 189 unataka mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki, na unazitambua zile saa ambazo mfanyakazi hana uhuru nazo kwa kuwa anasubiri kuitwa. Unataka pia masharti ya kazi yaelezwe kwa namna inayoeleweka, ikiwezekana kwa maandishi. Naomba tu yaandikwe kabla mkoba haujavuka kizingiti.

Kuna jambo la usalama ambalo sitalirefusha, maana linaniuma. Msichana anayetafuta kazi yuko hatarini kabla hajaipata. Anaitwa "usaili" usiku, nyumba anayoikuta haina mama wala mtoto. Au anahifadhiwa na wakala siku tatu, kitambulisho chake kikiwa kwenye droo ya wakala "kwa usalama". Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unamkinga pia mtu anayetafuta kazi na anayeomba kazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba binti huyo hakuwa mfanyakazi bado. Na Mkataba Na. 189 unampa haki ya kukaa na vitambulisho vyake mwenyewe. Tengenezeni mahali, hata chumba kimoja katika ofisi ya kata au mtaa, ambapo familia na yaya wanaweza kukutana mchana, mbele ya watu, kwa mazungumzo ya kwanza. Wazazi wengi wangependa hivyo; nao wanaogopa kumwelekeza mgeni nyumbani kwao. Na palepale mtambue umri. Nimekaa benchi moja na mtoto aliyesema ana miaka 18, na mikono yake ilikuwa ya darasa la sita.

Sisi si wachache, waheshimiwa. Kwa hesabu ya ILO ya mwaka 2021, wafanyakazi wa majumbani duniani wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ni milioni 75.6, na kati ya kila 100 wanawake ni 76. Takriban 8 kati ya kila 10 wako katika ajira isiyo rasmi. Mimi ni mmoja wa hao 8. Nimefanya kazi miaka 14, na ukitafuta katika makaratasi ya nchi huwezi kukuta siku hata moja niliyofanya kazi. Sina michango ya uzeeni. Nikienda kuomba mkopo mdogo naulizwa mwajiri ni nani. Nikiomba kujiunga na mafunzo ya malezi ya watoto wadogo, fomu ina sehemu ya "uzoefu" na chini yake imeandikwa "ambatanisha ushahidi".

Hiyo fomu nilipewa mwezi uliopita. Nilikaa nayo mezani, nikalitazama lile neno ambatanisha, kisha nikachukua madaftari yangu. Yako saba. Kurasa nyingine zimelowa maziwa, nyingine zimechorwa na watoto wenyewe, na katika daftari la tatu kuna sahihi ya mama mmoja chini ya mstari wa saa 5 na dakika 20. Karani aliyafungua mawili, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akaniuliza mtoto huyo sasa ana umri gani. Nikamwambia anaingia miaka 10. Akanirudishia akasema kwa upole kwamba anatamani angeweza kuyapokea, lakini si barua ya mwajiri.

Jumatatu ijayo nina nyumba nyingine ya kwenda kuonekana. Mtoto ana miezi minne, mama anarudi kazini Alhamisi. Nitakwenda na madaftari mkobani.

Mkiamua kuichapa ile fomu ya ukurasa mmoja, niiteni mapema muone wayaya wanaandika nini kwa siku kabla hamjaamua nafasi ziwe ngapi. Nitakuja na madaftari yote saba.

Wenu,
Yaya, mtafuta kazi